Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Kemikali za Maabara Zisipokelewe Bila Lebo Kamili na Cheti cha Ubora

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Nakala kwa: Afisa Elimu Sekondari, Mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, Mkaguzi wa Ndani, Wakuu wa Shule na Wenyeviti wa Bodi za Shule.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KEMIKALI ZINAZOLETWA SHULENI BILA LEBO KAMILI NA BILA VYETI VYA UBORA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika mojawapo ya shule za sekondari za kata zilizo chini ya ofisi yako. Kabla ya kuandika hadharani nilifuata utaratibu. Niliandika kupitia kwa Mkuu wa Shule, barua ikapokelewa masjala na kugongwa muhuri. Nilipofuatilia niliambiwa suala linafanyiwa kazi. Niliandika tena kukumbusha, na wenzangu wa shule jirani nao wakaandika. Kemikali za muhula huu zimekuja vilevile kama za muhula uliopita. Ndiyo sababu nakuandikia sasa mbele ya wazazi na walimu, kwa heshima zote unazostahili, ila bila kupunguza uzito wa jambo lenyewe.

Halmashauri inanunua kemikali kwa jina na bei, na inazipokea kwa kuhesabu chupa. Kati ya kununua na kupokea hakuna mtu anayesoma lebo, na hakuna anayelinganisha cheti na chupa iliyo mezani. Kila ninacholalamikia hapa chini kinatokana na hilo.

Wazazi wa kata hii wanaikumbuka miaka ya 2014 na 2015, walipochangishwa fedha, mchanga na nguvu zao ili kila shule ya kata iwe na maabara tatu. Majengo yapo. Kinachowekwa kwenye makabati ya majengo hayo kinastahili uangalizi uleule waliouonyesha waliosomba matofali.

Hoja zangu ni hizi.

1. Orodha ya mahitaji inataja jina tu, na jina halitoshi

Orodha iliyopelekwa kwa wazabuni iliandika "sodiamu kaboneti, gramu 500" na kuishia hapo. Anayeisoma ofisini anaona imekamilika. Kwa mtu wa maabara swali muhimu bado halijajibiwa: ni sodiamu kaboneti ipi? Ipo isiyo na maji kabisa ndani ya fuwele zake, ambayo moli moja (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kemikali) ina uzito wa gramu 106. Ipo yenye molekuli moja ya maji, gramu 124. Ipo yenye molekuli kumi, gramu 286. Zote ni nyeupe, zote huitwa sodiamu kaboneti, na zote huuzwa kihalali kabisa.

Tazama kinachotokea darasani. Mwalimu anataka lita moja ya myeyusho wa 0.05 M (yaani moli 0.05 kwa lita) kwa ajili ya titresheni ya kidato cha nne, zoezi la kuongeza asidi kidogo kidogo hadi rangi ya kiashiria ibadilike. Anapima gramu 5.3, akiamini kwamba chupa ina ile isiyo na maji. Mwanafunzi anachukua sentimita za ujazo 25 kwa pipeti na kuteremsha asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Jibu sahihi ni sentimita za ujazo 25. Kama chupa ina ile ya molekuli kumi, rangi itabadilika kwenye 9 hivi, na mwalimu atashtuka na kutafuta kosa lilipo. Kinachoniumiza zaidi ni ile ya molekuli moja. Hiyo rangi yake inabadilika karibu na 21.4. Hakuna anayeshtuka kwa 21.4. Mwanafunzi anaiandika, anakokotoa, anapata kwamba asidi ni 0.117 M badala ya 0.1 M, na anakatwa maksi kwa mkono wake "usio makini". Mkono wake ulikuwa sawa kabisa. Kilichokosekana ni maneno mawili kwenye orodha ya ununuzi.

Ile ya molekuli kumi ina tatizo jingine. Ikiachwa kwenye chupa isiyofungwa vizuri kwenye joto letu hupoteza maji polepole, fuwele zinageuka unga, na baada ya muda hujui tena umepima nini. Kwa hiyo hata kuikisia kwa macho haiwezekani.

Asidi ni hivyohivyo. "Asidi ya haidrokloriki kali, lita 2.5" ni maelezo yanayoruhusu vitu viwili tofauti. Ipo ya asilimia 36 hivi, yenye densiti ya 1.18, ambayo ni karibu 11.6 M. Ipo ya asilimia 32, yenye densiti ya 1.16, ambayo ni karibu 10.2 M. Kutengeneza lita moja ya 0.1 M unahitaji sentimita za ujazo 8.6 za ile ya kwanza au 9.8 za ile ya pili. Lebo ya kweli huandika asilimia na densiti, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina. Nimepokea chupa zisizo na chochote kati ya hivyo viwili.

Dawa ya jambo hili ipo na haigharimu hata shilingi. Kila kemikali ina namba ya CAS, namba ya utambulisho inayotumika dunia nzima. Sodiamu kaboneti isiyo na maji ni 497-19-8, ya molekuli moja ni 5968-11-6, ya molekuli kumi ni 6132-02-1. Orodha ya ununuzi ikiwa na jina, fomula pamoja na maji yake, namba ya CAS, daraja la usafi na ujazo wa chupa, mzabuni hana mahali pa kuteleza, na mpokeaji ana cha kulinganisha.

2. Daraja la usafi halitajwi, kwa hiyo tunaletewa la chini kabisa

Chupa za kemikali zina madaraja. Zenye alama ya AR zimekusudiwa kwa uchambuzi, na lebo yake huorodhesha uchafu uliomo mmoja mmoja: kloridi isiyozidi kiasi fulani, chuma kisichozidi kiasi fulani, salfeti kadhalika. Zenye alama ya LR au GPR ni za kazi za kawaida za maabara. Chini ya hapo kuna daraja la kiwandani, lililokusudiwa kwa kazi kama kusafisha, kutengeneza sabuni au kutibu maji.

Niseme wazi kwamba siombi AR kwa kila kitu. Hiyo itakuwa kuchezea fedha za umma. Chumvi ya kuonyesha mabadiliko ya rangi, au asidi ya kutengenezea haidrojeni mbele ya darasa la kidato cha kwanza, LR inatosha sana. AR inahitajika kwa vitu vichache: vile tunavyovipima kwa mizani kutengenezea myeyusho wa kulinganishia, na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya uchambuzi wa chumvi isiyojulikana, ambako chembe za chuma zilizotoka kwenye kitendanishi zinaweza kumfanya mwanafunzi aandike kwamba ameona chuma. Naye ameona kweli, ila si kwenye chumvi aliyopewa.

Orodha isiyotaja daraja inampa ushindi mzabuni mwenye bei ya chini, na bei ya chini hutoka kwenye daraja la chini. Simlaumu mzabuni kwa hilo. Ameleta alichoombwa.

3. Chupa zilizofungashwa upya

Hapa lawama zinamhusu mzabuni, na sitamtaja jina kwa kuwa nia yangu ni utaratibu ubadilike.

Sodiamu haidroksaidi iliyokuja muhula huu ilikuwa kwenye chupa ya kioo yenye karatasi iliyochapwa kwa printa ya kawaida na kubandikwa kwa gundi. Karatasi ilikuwa na jina la kemikali na uzito, basi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna namba ya toleo (namba ya fungu lililotengenezwa kwa pamoja), hakuna kiwango cha usafi, hakuna alama ya hatari. Nilipofungua kifuniko, vidonge vilikuwa vimeshikana bonge moja, na juu yake kulikuwa na ukoko mweupe mkavu. Kemikali hii hunyonya unyevu kutoka hewani, na inanyonya pia kaboni dayoksaidi na kugeuka kaboneti taratibu. Mtu alikuwa amefungua chombo kikubwa, akagawa kwenye chupa ndogo hewani, na kufunga vifuniko visivyobana. Gramu 4 za kitu hicho hazina tena gramu 4 za sodiamu haidroksaidi, na hakuna mtu awezaye kukuambia zina ngapi.

Silva naitreti, ambayo ni ghali kuliko karibu kila kitu kilichomo kabatini, inatakiwa kukaa kwenye chupa ya kahawia isiyopitisha mwanga. Yetu ililetwa kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na ilikwishaanza kuwa na weusi. Shule moja jirani imeletewa asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, ya aina ile ile ambayo kila mwanafunzi ameinunua dukani. Ndugu Mkurugenzi, hapa sizungumzii tena maksi za mtihani. Mtoto mwenye kiu akiona chupa ile mezani, mkono wake utakwenda wenyewe.

Kufungasha upya si kosa kwa asili yake. Wapo wanaofanya kwa ufasaha, wakihamisha kila taarifa ya lebo ya awali pamoja na jina la kiwanda na namba ya toleo, na kuongeza jina lao na tarehe ya kufungasha. Nchi hii ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husajili wanaojishughulisha na kemikali. Kumuuliza mzabuni cheti chake cha usajili kabla ya kumpa kazi ni jambo la dakika moja.

4. Alama za hatari

Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa una mfumo mmoja wa kuweka alama za hatari kwenye kemikali, unaojulikana kwa kifupi chake cha GHS. Alama zake ni tisa, kila moja ikiwa ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu: mwali wa moto, mwali juu ya duara, asidi inayokula mkono na chuma, fuvu na mifupa, na nyinginezo. Chini yake kuna neno la tahadhari, na sentensi zenye namba. H314 maana yake inaunguza ngozi vikali na kuharibu macho. H350 maana yake inaweza kusababisha saratani, nayo ipo kwenye lebo ya potasiamu daikrometi ambayo wanafunzi wetu wanaishika.

Mwali juu ya duara ndio unaonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu unafanana na mwali wa kawaida na maana yake ni tofauti. Unamaanisha kwamba kemikali hiyo inachochea moto wa vitu vingine. Potasiamu pamanganeti ina alama hiyo. Ukiiweka rafu moja na gliserini, chupa zikapasuka na vikachanganyika, moto unawaka wenyewe bila kiberiti. Stoo nyingi za shule zetu zimepangwa kwa alfabeti, kwa kuwa anayepanga hana alama za kumwongoza apange vinginevyo. Chupa isiyo na alama inakwenda popote penye nafasi.

Chupa nyingine zinakuja na kisanduku cha rangi ya chungwa chenye mchoro mweusi. Huo ni mfumo wa zamani wa Ulaya, na Ulaya yenyewe ilikamilisha kuuondoa kati ya mwaka 2015 na 2017. Ukiukuta kwenye chupa inayosemwa ni mpya, una haki ya kuuliza imekaa wapi miaka yote hiyo.

5. Vyeti vinavyoletwa si vyeti vya kemikali zilizoletwa

Hii ndiyo hoja ninayokuomba uisome taratibu, kwa sababu ndiyo inayopita kirahisi kuliko zote. Jalada la mapokezi lina karatasi nzuri zenye nembo na mihuri, na kila anayelifungua anaridhika.

Kuna karatasi ya aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya viwango: inaeleza ahadi ya kiwanda kwa kila chupa ya bidhaa hiyo, iliyotengenezwa jana au itakayotengenezwa mwakani. Ya pili ni cheti cha uchambuzi: inaeleza matokeo yaliyopatikana walipopima toleo hili hili, lenye namba hii hii, siku fulani. Ya kwanza haithibitishi chochote kuhusu chupa iliyo mkononi mwako. Ya pili inathibitisha, kwa sharti moja: namba ya toleo iliyoandikwa kwenye cheti iwe ndiyo iliyochapwa kwenye chupa.

Katika jalada letu, karatasi nyingi ni za aina ya kwanza. Chache zilizo za aina ya pili nilizilinganisha na chupa. Namba za matoleo hazifanani. Nyingine haziwezi hata kulinganishwa kwa sababu chupa zenyewe, kama nilivyosema, hazina namba. Na kuna karatasi moja inayosema juu kwamba ni ya sodiamu haidroksaidi, huku namba ya CAS iliyo ndani ikiwa 7664-93-9. Hiyo ni namba ya asidi ya salfyuriki. Aliyeandaa alichukua cheti cha asidi, akabadilisha jina juu, akasahau namba. Karatasi hiyo ilipokelewa, ikasainiwa na watu watatu, ikalipiwa.

Namba hizi zina kinga ndani yake ambayo hata mtu asiyesoma kemia anaweza kuitumia. Namba ya kweli ya sodiamu haidroksaidi ni 1310-73-2. Acha tarakimu ya mwisho, kisha anzia kulia kwenda kushoto: 3 mara 1, 7 mara 2, 0 mara 3, 1 mara 4, 3 mara 5, 1 mara 6. Jumla ni 42, na tarakimu ya mwisho ya 42 ni 2, ile ile iliyo mwishoni mwa namba. Hesabu ikigoma, namba imekosewa au imebuniwa. Mjumbe yeyote wa kamati ya mapokezi mwenye kalamu anaweza kufanya hivyo. Hesabu ikikubali, bado atazame kama namba hiyo ni ya kitu kilichonunuliwa, kwa maana 7664-93-9 nayo ni namba halali, ila ya kitu kingine.

Mambo mengine ya kutazama kwenye cheti: je, kuna safu mbili, moja ya kiwango kinachotakiwa na moja ya matokeo yaliyopatikana? Je, matokeo ni namba halisi, au kila mstari umeandikwa sawasawa na kiwango, kana kwamba hakuna aliyepima? Je, kuna tarehe ya uchambuzi na jina la aliyethibitisha? Je, mwandiko wa kichwa ni tofauti na wa mwili wa karatasi?

Wapo watakaosema napaza sauti kwa karatasi. Mwaka 2006 nchini Panama watu wengi walikufa kwa dawa ya kikohozi ya maji iliyotengenezwa na taasisi ya serikali. Kilichotumika kama gliserini kilikuwa diethilini glaikoli, kemikali ya viwandani inayoua figo. Mapipa yalitoka China, yakapita Hispania, yakafika Panama, na njiani cheti chake kiliandikwa upya, jina la kiwanda lililokitoa likaondolewa. Cheti kilisema usafi ni asilimia 99.5. Kila mkono uliopokea uliiamini karatasi, na hakuna aliyeifuata hadi ilikotoka. Maabara ya shule haitengenezi dawa, nalijua hilo. Tabia ya kupokea karatasi bila kuilinganisha ni ile ile, na vijana wanaofundishwa kwenye maabara zetu ndio watakaokuwa wafamasia na wapimaji wa kesho.

6. Karatasi ya taarifa za usalama haipo, na ikiwepo haifiki kwa anayeihitaji

Kila kemikali inatakiwa kuja na karatasi ya taarifa za usalama, ambayo wengi tunaiita SDS. Ina sehemu 16 kwa mpangilio usiobadilika, ili mtu aliye kwenye hofu asitafute: sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 5 ni kuzima moto, ya 6 ni kinachofanywa ikimwagika, ya 7 ni kuhifadhi, ya 13 ni kuteketeza. Tulizoletewa ni chache, kwa Kiingereza, na zimefungiwa ofisini pamoja na ankara. Anayedeki maabara na mlinzi wa usiku, ambao ndio watakaokuta chupa imepasuka, hawana hata ukurasa mmoja wa Kiswahili ukutani.

7. Tarehe za mwisho zinatumika kinyume

Ukaguzi uliopita ulielekeza kemikali zote zilizopita tarehe ziondolewe. Naheshimu kazi ya wakaguzi, lakini agizo hilo halikutofautisha vitu. Sodiamu kloridi iliyofungwa vizuri haiozi. Tarehe iliyo kwenye chupa yake ni ya kupima upya, au ni ya kiwanda kujilinda. Haidrojeni peroksaidi na amonia, kwa upande mwingine, hupungua nguvu hata kabla ya tarehe zikikaa kwenye joto. Etha hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa ikikaa muda mrefu baada ya kufunguliwa hutengeneza peroksaidi zinazoweza kulipuka. Kwenye chupa yake, tarehe ya kufunguliwa ina uzito kuliko ile ya kiwanda. Matokeo yake tumeondoa chumvi nzima zisizo na tatizo, na siku hizo hizo tukapokea chupa zisizo na tarehe yoyote. Chupa isiyo na tarehe haikuingia kwenye hoja ya mkaguzi kwa sababu haikuwa na kitu cha kupitwa.

Nayajua majibu ninayoweza kupewa, na naomba niyajibu mapema.

Nitaambiwa bajeti ni finyu. Mengi ninayoyaomba hayana bei: kuandika namba ya CAS kwenye orodha, kulinganisha namba mbili siku ya mapokezi, kukataa chupa isiyo na lebo. Chupa iliyokataliwa hailipiwi. Kilicho ghali ni kununua silva naitreti iliyoharibika, kisha kuinunua tena.

Nitaambiwa vyeti ni vigumu kupatikana. Viwanda vikubwa vya kemikali vimeweka vyeti vyao kwenye intaneti. Unaandika namba ya bidhaa na namba ya toleo, unapata cheti bila malipo. Mzabuni aliyenunua bidhaa halisi hashindwi kukileta, na sisi hatushindwi kukihakiki kwa simu ya mkononi tukiwa tumesimama mbele ya boksi.

Nitaambiwa mfumo wa NeST, ule wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ndio unaochagua mshindi. Mfumo unashindanisha kile tulichokiandika. Tukiandika jina tu, utashindanisha majina.

Nitaambiwa mtihani uko karibu, tupokee kwanza tutarekebisha baadaye. Jibu hili ndilo limekuwa likitumika kila mara, na ndilo linalowapa nguvu wanaoleta bidhaa duni dakika za mwisho, wakijua hakuna mkuu wa shule atakayethubutu kuwarudisha. Dawa yake ni kuagiza mapema, na hilo liko ndani ya uwezo wa ofisi yako.

Na pengine nitaambiwa kwamba hii ni shule ya kata, haihitaji mambo ya maabara za utafiti. Mtoto wa shule ya kata anafanya mtihani ule ule wa taifa, anasahihishwa kwa mwongozo ule ule, na ngozi yake inaungua kama ya mtoto mwingine yeyote.

Ndugu Mkurugenzi, ninachoomba ni haya.

Kwanza, uagize orodha ya mahitaji ya kemikali iandaliwe upya kabla ya ununuzi ujao, ikiwa na fomula pamoja na maji yake, namba ya CAS, daraja la usafi, asilimia na densiti kwa vimiminika, na aina ya chombo. Mafundi sanifu wa maabara na walimu wa kemia wa halmashauri hii tuko tayari kuiandaa pamoja bila posho, na rasimu yake ninayo.

Pili, kila kamati ya mapokezi ya kemikali iwe na angalau mtu mmoja wa maabara au mwalimu wa kemia, na saini yake iwe ya lazima kabla ya malipo. Kazi yake iwe kusoma lebo na kulinganisha namba ya toleo na cheti, kisha kuandika namba hiyo kwenye hati ya mapokezi.

Tatu, mkataba wa mzabuni uwe na kifungu kinachosema wazi kwamba chupa isiyo na lebo kamili, cheti cha uchambuzi cha toleo lake na karatasi ya usalama itarudishwa kwa gharama yake. Uthibitisho wa usajili wake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali uambatanishwe kwenye zabuni.

Nne, chupa zilizoko shuleni sasa hivi bila lebo zikusanywe na kutengwa mahali salama, na ofisi yako iombe mwongozo wa kuziteketeza kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Zisimwagwe kwenye sinki wala kufukiwa nyuma ya choo. Zile za kwenye chupa za maji ya kunywa ziondolewe wiki hii, zisisubiri kikao.

Tano, kila stoo ya kemikali iwekwe ukutani ukurasa wa Kiswahili unaoeleza alama tisa za hatari na huduma ya kwanza kwa kemikali kumi tunazozitumia zaidi. Huo nimeshauandika. Nahitaji ruhusa ya kuusambaza na gharama ya kuuchapa.

Sita, Mkaguzi wa Ndani aongeze kwenye fomu yake mistari miwili: je, chupa ina namba ya toleo, na je, namba hiyo ipo kwenye cheti kilichomo jaladani?

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya orodha ya ununuzi ujao kuingizwa kwenye mfumo, kwa kuwa baada ya hapo tutakuwa tumefungwa kwa mwaka mwingine. Niko tayari kuja ofisini kwako wakati wowote na chupa ninazozizungumzia, zikiwa zimefungwa salama, pamoja na nakala za vyeti, ili wewe na timu yako mzilinganishe wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Sanifu wa Maabara,
Shule ya Sekondari ya Kata